Bwawa la udongo shambani: dalili, chanzo, na wakati wa kuweka chepe chini

Ikifika Aprili simu yangu hailali. "Fundi, kuna maji yanatoka chini ya tuta." "Kaka, bwawa limejaa mpaka juu, nifanyeje?" "Mtoto aliogelea Jumapili, leo anajikuna mwili mzima." Wanaopiga ni wenye mashamba ya pembezoni mwa jiji la Dar es Salaam, Chanika, Msongola, Mabwepande, Kibamba, na siku hizi Kimbiji kule Kigamboni. Walikuwa na ekari chache na kijito cha msimu, wakakikinga kwa tuta la udongo, wakatia perege, wakaezeka kibanda cha makuti, na mwisho wa wiki wanakuja na ndugu, mkaa na nyama.

Maswali ni yale yale kila masika, kwa hiyo nimeyapanga kwa dalili. Kwenye kila dalili naanza na chanzo ninachokikuta mara nyingi zaidi, na ukaguzi unaoweza kuufanya mwenyewe bila kumlipa mtu. Utahitaji jembe, chepe, kamba, ndoo ya lita 10, chupa tupu ya maji ya lita moja na nusu, vigingi vichache na daftari. Daftari usilidharau. Tuta la udongo ni nadra kuvunjika bila kutoa taarifa. Shida ni kwamba aliyepewa taarifa hakuiandika, na wiki iliyofuata hakumbuki kama jana ilikuwa hivi au zaidi.

Tuelewane pia kwa majina. Mgongo ni sehemu ya juu ya tuta unapotembea. Kuna upande wa maji na upande mkavu. Kitako ni pale upande mkavu unapokutana na ardhi ya kawaida. Utoro ni njia ya pembeni ya kupitishia maji ya ziada bwawa likijaa. Anayekuambia bwawa lake halina utoro kwa sababu ni dogo, mwambie bado hajaliona likijaa.

Dalili: unyevu au maji upande mkavu

Kila tuta la udongo huvujisha kidogo, udongo si plastiki. Cha kujua ni kinachotoka pamoja na maji. Kinga maji hayo kwenye ile chupa, iweke juu ya jiwe nusu saa, usiitikise. Yakibaki safi na chini hakuna kitu, tuta linapumua tu. Ukiona udongo umetuama chini, hata wa unene wa ukucha, tuta linaliwa kwa ndani. Chembe moja ikitoka, nafasi iliyoacha inapitisha maji mengi zaidi, nayo yanabeba chembe nyingi zaidi. Tundu linajichimba kutoka upande mkavu likirudi nyuma kuelekea bwawani, na siku likifika huko kazi imekwisha. Bwawa la Teton kule Idaho, Marekani, lililojengwa na wahandisi wa serikali, lilianguka hivyo tarehe 5 Juni 1976 likiwa linajazwa kwa mara ya kwanza. Asubuhi yalionekana maji ya tope yakitoka, na kabla ya saa sita mchana tuta halikuwepo. Walikufa watu 11.

Chanzo ninachokikuta zaidi ni bomba la kutolea maji. Mashine ya kushindilia haiwezi kusogea karibu na bomba, kwa hiyo fundi hujaza udongo pale kwa chepe na kukanyaga kwa miguu. Maji hutambaa nje ya bomba, kati ya plastiki na udongo. Funga koki kabisa, ukaushe mdomo wa bomba kwa kitambaa, kisha uangalie kama kuna maji yanayotokea pembeni yake na siyo ndani.

Cha pili ni msingi. Pwani yetu ina mchanga mwingi, na wapo wanaokwangua majani tu na kuanza kupandisha tuta, bila kuchimba handaki la msingi mpaka kwenye udongo wa mfinyanzi na kulijaza udongo mzito. Maji yanapita chini ya tuta kama mtu anayepita chini ya uzio. Dalili yake ni kitako kizima kuwa tepetepe, au majani ya kijani kibichi kwenye mstari mmoja wakati shamba lote ni kavu Septemba.

Cha tatu ni mizizi na mashimo ya wanyama, nitafika huko.

Cha mwisho si cha kawaida lakini ni kibaya kuliko vyote: udongo wenyewe unayeyuka. Chukua bonge dogo kavu la udongo wa tuta, saizi ya punje ya mahindi, ulidondoshe taratibu kwenye glasi ya maji ya mvua. Usikoroge. Likimeguka tu na maji yakabaki safi, usiwe na hofu. Likianza kutoa ukungu unaosambaa kama maziwa ndani ya chai bila kuguswa, udongo huo hauwezi kuaminiwa mahali maji yanapita. Hapo fundi wa udongo hakutoshi. Kuna kuchanganya jasi, kuna kujenga upya, na hayo huamuliwa na mhandisi baada ya vipimo vya maabara.

Kwa uvujaji wa maji safi, fanya hivi. Chimba mfereji mdogo uyakusanye yote sehemu moja, uweke kipande cha bomba, kisha kila Jumamosi upime ndoo ya lita 10 inajaa kwa dakika ngapi. Pembeni andika kina cha bwawa siku hiyo. Bwawa likipanda na uvujaji ukapanda, hiyo ni hesabu ya kawaida. Bwawa likiwa palepale na ndoo inajaa haraka kuliko wiki iliyopita, usisubiri Jumamosi nyingine.

Mahali panapotoka maji pafunike kwa chujio: mchanga mkubwa uliooshwa chini, kokoto ndogo juu yake, kisha mawe. Lengo ni maji yatoke na udongo ubaki. Usizibe kwa saruji wala mfinyanzi! Narudia kwa sababu hili ndilo kosa linalofanywa na watu wenye akili zao. Mzee mmoja wa Msongola aliziba tundu kwa mfuko mzima wa saruji, akanitumia picha akiwa ameridhika. Baada ya siku tisa maji yalitokea sehemu tatu, zote juu zaidi ya pale pa mwanzo. Maji yaliyozuiwa njia hayakurudi bwawani, yalijaa ndani ya tuta yakitafuta mlango mwingine.

Acha kazi na uite mhandisi ukiona lolote kati ya haya: maji ya tope, mchanga unaotokota kitakoni kama uji, kizingia, yaani maji yanayozunguka kama kwenye sinki, upande wa bwawani. Kizingia si cha kuuliza ushauri kwenye kundi la WhatsApp. Waondoe watu walio bondeni kwanza, kisha teremsha maji kwa koki, na kama bomba lenyewe ndilo linalovuja, tumia pampu.

Dalili: maji yanakaribia mgongo wa tuta, au yanapita juu

Tuta la saruji likipitiwa na maji linaweza kuvumilia. La udongo likipitiwa linakatika, wakati mwingine kwa saa chache. Kwa hiyo kati ya maji yaliyojaa na mgongo lazima ibaki nafasi, na kwa mabwawa yetu haya madogo mimi sikubali chini ya mita moja.

Chanzo namba moja ni utoro ulioziba, na mara nyingi aliyeuziba ni mwenye bwawa mwenyewe. Anaweka wavu ili samaki wasitoroke. Unaelewa kabisa kwa nini: umenunua vifaranga, umewalisha miezi sita, halafu mvua moja inawapeleka kwa jirani. Lakini mvua ile ile inaleta majani, matete, mifuko na magogo. Vyote vinanasa kwenye wavu, na baada ya nusu saa huna utoro, una ukuta. Tarehe 31 Mei 1889 huko Pennsylvania, Marekani, bwawa la udongo la South Fork lilipitiwa na maji na kuanguka, na mji wa Johnstown uliokuwa bondeni ukapoteza watu zaidi ya 2,200. Bwawa hilo lilikuwa la klabu ya matajiri ya kuvua samaki na kupumzika. Walikuwa wameweka nyavu kwenye utoro ili samaki wasitoke. Walikuwa wameushusha mgongo wa tuta upate upana wa kupitisha magari ya farasi. Mabomba ya kutolea maji chini yalikuwa yameondolewa zamani na hawakuyarudisha. Ukiisoma orodha hiyo polepole utaona ni mabwawa mangapi ya Chanika yanafanana nayo, toa farasi weka bodaboda.

Kama huwezi kuishi bila wavu, uweke mbali ndani ya bwawa, mpana mara nyingi zaidi ya utoro wenyewe, uliolazwa ili takataka zipande juu, na wakati wa mvua awepo mtu wa kuusafisha. Binafsi nawaambia watu wakubali kupoteza samaki.

Chanzo cha pili kimekuja na jiji. Bwawa lilijengwa miaka kumi na tano iliyopita, juu yake palikuwa na mikorosho na minazi, mvua ikinyesha ardhi inakunywa. Leo huko juu kuna mabati, vigae vya uani na barabara ya lami. Piga hesabu mwenyewe: milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Eneo la hekta 20 likipata mvua ya milimita 100 limepokea lita milioni 20. Tuseme nusu tu ndiyo inateremka bwawani, hiyo ni lita milioni 10, sawa na maboza 1,000 ya lita 10,000 yakimwaga maji kwako kwa siku moja. Utoro wa upana wa mlango uliokutosha zamani hautoshi tena, na hakuna aliyekutaarifu kwamba mambo yamebadilika. Anayesema mvua hiyo hainyeshi Dar akumbuke Desemba 2011, mafuriko yaliyoua watu zaidi ya 40 na kuwahamishia waathirika Mabwepande.

Chanzo cha tatu: mgongo umezama katikati. Udongo mpya hushuka wenyewe, na bodaboda zikipita kila siku huongeza. Funga kamba kutoka mwisho mmoja wa tuta hadi mwingine, uivute ikaze, weka pimamaji. Palipobonyea ndipo maji yatakapopita siku ile, kwa hiyo pajaze udongo mzuri kwa tabaka za sentimita 15, kila tabaka ishindiliwe ikiwa na unyevu.

Mvua ikiwa imeshaanza na maji yanapanda, fanya kwa mpangilio huu: safisha utoro, ng'oa wavu, fungua koki yote, panga viroba vya mchanga pale mgongo ulipobonyea. Kama hayo hayatoshi, chimba mkondo wa dharura pembeni kwenye ardhi ya asili, mbali na tuta. Usikate tuta lenyewe hata kama jirani anakushauri kwa sauti kubwa. Mfereji wa upana wa jembe kwenye tuta la udongo unakuwa mlango wa lori kabla hujapata mahali pa kusimama. Maji yakishaanza kupita juu ya mgongo, toka. Kazi iliyobaki ni ya simu: majirani walio bondeni, mwenyekiti wa serikali ya mtaa, na Zimamoto na Uokoaji kwa namba 114.

Kenya waliona mwaka 2018, Mei 9 usiku, tuta la udongo la shamba moja Solai, Nakuru, lilipokatika baada ya mvua kubwa. Walikufa watu zaidi ya 40, na lilikuwa bwawa la shamba tu, si la umeme.

Dalili: nyufa

Nyufa fupi zisizo na mpangilio, kama ngozi ya mamba, Januari au Septemba: ni ukavu. Chomeka waya, ukiingia sentimita chache tu, jaza udongo laini, mwagilia, shindilia, kisha tandaza changarawe juu ili jua lisipate tena mfinyanzi uchi.

Ufa mrefu unaofuata urefu wa tuta, karibu na ukingo, una maana nyingine. Piga kigingi kila upande wa ufa, pima umbali kati yao, andika, upime tena baada ya siku tatu. Ukiongezeka, au upande mmoja ukashuka kuliko mwingine hata kwa kimo cha kidole, udongo umeshaanza kuteleza. Funika kwa turubai mvua isiingie ndani ya ufa, zuia mtu yeyote kupita juu, na umwite mhandisi.

Unaonitisha zaidi ni ufa wa kukatiza, unaotoka upande wa maji kwenda upande mkavu, kwa sababu huo tayari ni mfereji unaosubiri maji yapande. Teremsha bwawa mpaka chini ya kina cha ufa kwanza. Baada ya hapo ndipo ufa unachimbwa wote hadi mwisho wake na kushindiliwa upya.

Dalili: udongo umeporomoka, au kuna shimo

Upande wa maji, chanzo cha kawaida ni haraka. Mtu anataka kuvuna samaki wote Jumamosi, anafungua koki Ijumaa usiku, bwawa linashuka mita mbili. Udongo wa tuta bado umelewa maji, na maji yaliyokuwa yakiushikilia kwa nje yameondoka, unaanguka. Kama hakuna dharura, teremsha sentimita 30 kwa siku, usizidishe. Samaki hawaendi popote.

Upande mkavu, ukikuta kipande kimeteleza, usirundike udongo juu yake kukirudisha, unaongeza mzigo kwa mgonjwa. Mawe yawekwe chini, kitakoni. Na kama mteremko wenyewe umesimama kama ukuta, tatizo ni la siku ya kwanza: upande wa maji ulitakiwa uende mita tatu nje kwa kila mita moja ya kimo, upande mkavu mbili hadi mbili na nusu. Wenye kijiko, ule mtambo wa kuchimbia, hupenda kusimamisha tuta kwa sababu linakula dizeli kidogo.

Shimo la duara lililotokea ghafla juu ya mgongo ni la mhandisi siku hiyo hiyo. Chini yake kuna kitu kimeshaondoka.

Miti, mchwa na kenge

Watu wanapanda mwarobaini na miembe juu ya tuta kwa ajili ya kivuli. Pazuri kweli, unakaa na soda yako unaangalia maji. Mti ukiwa hai mizizi inatafuta maji ndani ya tuta, na ukifa mizizi inaoza na kuacha mabomba. Miche midogo ng'oa leo. Mti mkubwa wenye miaka kumi usiukate kwa hasira na kuuacha kisiki. Kuutoa kunahitaji kuchimba mizizi na kujaza upya bwawa likiwa chini. Panda ukoka. Kivuli kiwe cha turubai au makuti, pembeni.

Kichuguu na shimo la kenge au panya buku vichimbwe mpaka mwisho wake na vijazwe kwa kushindilia. Kumwaga sumu tu kunaua mnyama na kuacha tundu.

Dalili: maji yanapungua na hakuna mvua

Kabla hujasema linavuja, weka ndoo yenye maji ndani ya bwawa, kwenye kina kifupi, ikae imara na ipate jua lile lile. Weka alama ndani ya ndoo, na alama kwenye kigingi bwawani. Baada ya wiki moja linganisha. Jua la hapa linaweza kunywa milimita 5 au 6 kwa siku, yaani zaidi ya sentimita 15 kwa mwezi, na hilo si kosa la fundi. Vikishuka sawa, ni jua. Bwawa likishuka zaidi, kwanza angalia koki inayodondoka na jirani mwenye pampu usiku, ndipo urudi kwenye sehemu ya unyevu hapo juu.

Dalili: maji ya kijani, samaki wanahema juu alfajiri

Wanakosa hewa. Mara nyingi ni chakula kingi mno au mbolea na samadi iliyoingia na mvua. Simamisha kulisha, chukua pampu urushe maji juu yarudi kama mvua, hasa saa kumi usiku hadi jua litoke. Lakini ukiona utando wa kijani mzito kama rangi iliyomwagika, unaojikusanya upande upepo unakoelekea, toa watu na mifugo majini. Mwani wa aina hiyo unaweza kuwa na sumu, na kuyachemsha maji hakusaidii.

Dalili: muwasho baada ya kuogelea, au mkojo wenye damu

Hapa Pwani fikiria kichocho kwanza. Vijidudu vyake hutoka kwenye konokono wadogo wanaokaa kwenye majani ya ukingoni, hupenya ngozi kwa dakika chache, na huwa wengi zaidi kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, wakati ule ule watoto wanapoogelea. Muwasho huja mapema. Damu kwenye mkojo huja baada ya wiki au miezi, na wengi hawaunganishi. Nenda hospitali ukapime, mwambie daktari waziwazi kwamba uliingia bwawani na lini. Dawa ipo, praziquantel, na inatibu. Kujisugua na taulo si kinga ya kutegemea.

Kwa upande wa bwawa, futa majani na matete sehemu ya kuogea, na jenga choo. Kichocho kinarudi bwawani kwa mkojo wa watu, basi sherehe ya watu 80 isiyo na choo ni shamba la kichocho. Choo hicho, jiko na kibanda chako vikae mbali: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inataka mita 60 kutoka ukingo wa bwawa kwa shughuli za kudumu au zinazoweza kuharibu. Najua kibanda chako kiko mita nne.

Dalili: mtu alikuwa amesimama, ghafla hayupo

Tuta lilijengwa kwa udongo uliochimbwa palepale, ndani ya bwawa. Kijiko kiliacha shimo la mita mbili au tatu mbele tu ya tuta, na maji yalipojaa likafichika. Mtoto anatembea maji yakimfikia kiunoni, hatua inayofuata hakuna chini. Kiangazi maji yakishuka, zunguka na mti mrefu uyapime, kisha fungua kamba yenye madumu matupu kuonyesha mwisho wa kina kifupi. Hatari ya pili ni mdomo wa bomba. Koki ikiwa wazi unanyonya, hakuna kuogelea hapo. Ya tatu ni pombe, nayo haina fundi.

Weka ukingoni dumu tupu la lita 20 lililofungwa mfuniko, lenye kamba ya mita 15. Mtu akizama, nyosha mti au rusha dumu. Kama hujafunzwa kuokoa usimfuate. Dar tumezika wengi waliomfuata mwenzao. Ukimtoa na hapumui, usimning'inize kichwa chini wala kumkamua tumbo. Anza kwa kumpulizia pumzi mdomoni, kisha kandamiza kifua mara 30, pumzi 2, urudie bila kuacha, na mwingine apige 114. Ndani ya mtumbwi kila mtu avae jaketi okozi, na utoro ukiwa unatiririka hakuna mtumbwi.

Mamba au kiboko akionekana, kila kitu kinasimama mpaka maafisa wanyamapori wafike.

Unapopiga simu

Kwa kazi yoyote inayogusa tuta au utoro tafuta mhandisi aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi, umwombe namba ya usajili kabla ya bei. Kibali cha bwawa na maswali ya usalama wake ni Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu, chini ya Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009. Wengi wanaogopa kwenda kwa kuwa walijenga bila kibali. Nenda hivyo hivyo.

Mpe unayempigia mambo haya: kimo cha tuta, maji yako chini ya mgongo kwa mita ngapi sasa hivi, dalili ilianza lini, nyumba zilizo bondeni ni ngapi, na picha yenye kitu cha kupimia pembeni, jembe au mguu wako. Na ile chupa uliyokinga maji usiimwage, mwachie aione.